Tetemeko Moja, Misiba Mbalimbali: Funzo kwa Handeni na Korogwe

Msafiri ateremkaye kutoka Lushoto kwa barabara ya Mombo huiona ardhi ikikatika ghafla mbele ya macho yake. Nyuma yake imesimama milima ya Usambara, ambayo vilele vyake hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake limetandaa bonde tambarare lenye mashamba ya mkonge, na ndani ya bonde hilo mto Pangani, uupitao mji wa Korogwe ulio kwenye kimo cha mita zipatazo 300 tu. Akiuvuka mto na kushika njia ya kusini-magharibi, baada ya kilometa zipatazo 65 atafika Handeni, nchi ya vilima vya mawe ya kale na udongo mwekundu.

Wenyeji wa pande hizo wameizoea sura hiyo ya nchi, na pengine hawajiulizi imetoka wapi. Hata hivyo, ukuta wa milima unaopanda kwa ghafla namna ile si kazi ya mvua na upepo peke yake. Mvua na upepo vimeuchonga. Lakini kilichouinua ni nguvu iliyo chini ya ardhi, ambayo haijaacha kufanya kazi mpaka leo. Nguvu hiyo ndiyo iletayo matetemeko ya ardhi, na ndiyo iwashayo volkano.

Handeni na Korogwe hazina mlima hata mmoja utoao moshi. Basi mwanafunzi wa huko ana haki ya kuuliza: Je, habari hizi zinanihusu nini? Jibu lake limo katika jambo moja ambalo watu wengi hulikosea, nalo ni kwamba madhara ya tetemeko hayapimwi kwa nguvu zake tu. Matetemeko mawili yenye nguvu sawasawa yaweza kuleta, moja kilio cha taifa zima, na jingine hofu ya dakika moja tu. Tofauti hiyo hutokana na mahali, na udongo, na, zaidi ya yote, nyumba ambazo watu wamezijenga.

DUNIA ILIYOGAWANYIKA VIPANDE

Katika masimulizi ya zamani ya pwani, dunia imewekwa juu ya pembe ya ng'ombe, na ng'ombe huyo anapochoka na kuihamishia pembe ya pili, ardhi hutikisika. Simulizi hiyo ina hekima yake, kwani waliotuachia walitambua kwamba chanzo cha tetemeko kiko chini, wala si angani.

Sayansi ilichukua muda mrefu kufika kwenye maelezo yake. Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alitangaza kwamba mabara hayakukaa mahali pamoja tangu zamani, bali husogea. Wataalamu wengi wa wakati wake hawakukubaliana naye, kwa kuwa hakuweza kuonyesha ni nguvu gani iwezayo kulisukuma bara zima. Ilipofika miaka ya 1960, uchunguzi wa sakafu ya bahari ulileta ushahidi ambao haukuweza kukataliwa. Leo inajulikana kwamba tabaka la nje la dunia, lenye unene wa kilometa zipatazo 100, limegawanyika katika vipande vikubwa na vidogo viitwavyo mabamba. Chini ya mabamba hayo mna miamba yenye joto kali ambayo, ingawa si majimaji, huweza kujongea polepole mno kama nta iliyopata moto.

Mabamba hukutana kwa namna tatu. Kwanza, yako yanayogongana, moja likizama chini ya jingine au yote mawili yakikunjamana na kuwa milima. Huko ndiko kunakotokea matetemeko makubwa kupita yote, kama lile la Chile la tarehe 22 Mei, 1960, lenye ukubwa wa 9.5, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopata kupimwa. Pili, yako yanayosuguana kando kwa kando. Tatu, yako yanayoachana, na hapo ndipo ilipo Afrika ya Mashariki.

Bara la Afrika linapasuka. Upande wa magharibi liko bamba la Nubia, na upande wa mashariki liko bamba la Somalia. Baina yao limepita Bonde la Ufa. Lilipofika Tanzania, bonde hilo halikuweza kupita katikati ya nchi, kwa sababu hapo pamekaa mwamba mkongwe na mnene ulioenea kutoka Dodoma hadi kusini ya Ziwa Viktoria. Kama maji ya mto yanapokuta jiwe, ufa uligawanyika na kuuzunguka mwamba huo. Tawi la magharibi lilifuata maziwa ya Tanganyika na Rukwa. Tawi la mashariki liliteremka kutoka Kenya, likapita Natron, na huko kaskazini ya Tanzania likatawanyika mfano wa vidole vya mkono: kidole kimoja kikaelekea Eyasi, kingine Manyara, na cha tatu kikashika njia ya kusini-mashariki kulifuata bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Upare na Usambara.

Kuachana huko ni kwa polepole sana. Katika sehemu zetu ni milimeta chache tu kwa mwaka mzima, yaani kiasi ambacho ukucha wa mtu hukua kwa muda wa mwezi mmoja. Lakini milimeta tatu kila mwaka, kwa miaka milioni moja, ni kilometa tatu.

JIWE LA HANDENI NA BONDE LA KOROGWE

Mwanafunzi atakaye kuuona ushahidi wa mambo haya kwa macho yake hana haja ya kusafiri mbali. Na aokote jiwe katika vilima vya Handeni. Mara nyingi ataona limepambwa kwa mistari ya rangi nyeusi na nyeupe inayopishana, mingine imepinda kama kitambaa kilichokunjwa. Hilo ni jiwe la naisi. Jiwe la namna hii haliumbiki juu ya ardhi. Huumbika chini sana, mahali ambapo joto na mgandamizo hugeuza umbo la kila kitu. Miaka milioni 600 hivi iliyopita, vipande vya mabara ya kale viligongana katika ukanda unaopita hapa, vikainua milima mikubwa. Milima hiyo imekwisha kuliwa na mvua, na kilichobaki ni mizizi yake, ambayo leo wakulima wa Handeni wanalima juu yake. Dhahabu ya Magambazi na vito vya bonde la Umba vimo katika miamba ya ukanda huo huo.

Kisha na asimame Korogwe autazame ukuta wa Usambara. Huo ni ushahidi wa jambo la kinyume. Ardhi iliyobanwa zamani, baadaye ilivutwa. Mipasuko mirefu ikatokea, upande mmoja ukabaki juu na kuwa mlima, na upande wa pili ukateremka na kuwa bonde. Mito imelijaza bonde hilo mchanga, tope na kokoto kutoka mlimani.

Kwa hiyo wilaya hizi mbili, ingawa ni jirani, zimesimama juu ya ardhi za namna mbili. Jambo hili lina maana kubwa, kama itakavyoonekana hapa chini.

UKUBWA SI UKALI

Wataalamu hutumia vipimo viwili ambavyo havifai kuchanganywa. Cha kwanza ni ukubwa, yaani kiasi cha nguvu iliyotolewa na tetemeko pale lilipozaliwa. Kipimo cha aina hii kilibuniwa na Mmarekani Charles Richter mwaka 1935, na tangu hapo kimetengenezwa upya mara kadhaa. Kila tetemeko lina tarakimu moja tu ya ukubwa. Tarakimu hiyo ikipanda kwa 1, nguvu huongezeka mara 32 hivi.

Cha pili ni ukali, yaani jinsi mtikisiko ulivyohisiwa na ulivyodhuru mahali fulani. Kipimo chake kinatokana na kazi ya Mwitalia Giuseppe Mercalli, nacho kina daraja 12. Katika daraja la kwanza hapana mtu ahisiye kitu ila vyombo. Katika daraja la 12 uharibifu ni wa kila kitu. Tetemeko moja lina ukali mwingi, kila mahali na ukali wake.

Mfano wa karabai utasaidia. Karabai ikiwashwa sebuleni, nguvu ya moto wake ni moja. Lakini aliye karibu nayo husoma kitabu, aliye ukumbini huona vivuli tu, na aliye nyuma ya ukuta haoni chochote. Nguvu ya moto ni ukubwa. Nuru imfikiayo kila mtu ni ukali.

MATETEMEKO MANNE YALIYOKARIBIANA

Yafuatayo ni matetemeko manne yaliyotokea barani Afrika, yote yakiwa na ukubwa unaokaribia 6.

La kwanza lilipiga mji wa Agadir, Moroko, usiku wa tarehe 29 Februari, 1960. Ukubwa wake ulikuwa 5.8, na lilidumu kwa nukta 15 hivi. Lilizaliwa karibu sana na uso wa ardhi, chini ya mji wenyewe, wakati watu wengi wamo majumbani. Nyumba nyingi zilikuwa za mawe na matofali yasiyofungwa vizuri. Watu wapatao 12,000 walikufa, nao walikuwa kama theluthi moja ya wakazi wote.

La pili lilitokea tarehe 17 Julai, 2007, chini ya mlima Gelai, kaskazini ya Tanzania, likiwa na ukubwa wa 5.9. Liliwatisha watu mpaka Nairobi, ambako wafanyakazi walikimbia kutoka katika majengo marefu. Lakini pale Gelai penyewe, katika nchi kavu ya wafugaji wachache wenye nyumba nyepesi za fito na udongo, madhara yalikuwa madogo.

La tatu ni lile la Kagera, tarehe 10 Septemba, 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri. Ukubwa wake pia ulikuwa 5.9. Lilizaliwa chini sana, kwenye kina ambacho wataalamu wa Marekani walikikadiria kuwa kilometa 40, na kina hicho kiliwapunguzia watu madhara. Hata hivyo watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na hesabu za mwanzo zilitaja nyumba zaidi ya 800 zilizobomoka. Majengo ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya hata masomo yakasimama. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mwalimu yeyote anaweza kufikiri mwenyewe ingekuwaje kama madarasa yote ya mkoa yangekuwa yamejaa wanafunzi.

La nne lilitokea usiku wa tarehe 12 Agosti, 2020, chini ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki ya Dar es Salaam. Wakazi wa Dar es Salaam na Unguja walitikiswa, wengi wakatoka nje ya nyumba zao kwa hofu. Kulipokucha waliendelea na kazi, kwa kuwa kitovu kilikuwa baharini, mbali na nyumba.

Basi nguvu zilikuwa karibu sawa, lakini matokeo hayakufanana hata kidogo. Na iko hesabu nyingine ya kushangaza zaidi. Tarehe 13 Desemba, 1910, nchi ya Rukwa ilipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Nguvu zake zilikuwa zaidi ya mara 150 ya zile za Kagera. Hata hivyo halikuacha kumbukumbu ya msiba mkubwa, kwani lilikuta watu wachache walioishi kwa mtawanyiko katika nyumba za miti na nyasi. Vivyo hivyo, tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliitikisa Msumbiji usiku wa kuamkia tarehe 23 Februari, 2006, likaua watu wachache sana. Na jingine la ukubwa huo huo liliupiga mji mkuu wa Haiti tarehe 12 Januari, 2010, likaua zaidi ya watu 100,000.

VOLKANO NAZO HAZIFANANI

Kama ilivyo kwa matetemeko, ndivyo ilivyo kwa volkano. Mlipuko hutegemea tabia ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka ungali chini ya ardhi. Magma nyepesi hutoka na kutiririka kama uji. Magma nzito huziba njia, gesi zikajikusanya ndani yake mpaka zipasuke kwa kishindo na kurusha majivu.

Ol Doinyo Lengai, ambayo kwa Kimasai maana yake ni Mlima wa Mungu, ndiyo volkano pekee duniani itoayo katika zama zetu lava ya aina ya kabonati. Joto la lava hiyo ni kati ya digrii 500 na 600 za Selsiasi, nusu tu ya joto la lava za kawaida. Hutoka nyeusi, na baada ya kupata unyevu hugeuka nyeupe. Tetemeko la Gelai lililotajwa hapo juu lilihusiana na mlima huo. Mwezi wa Julai 2007 magma ilijipenyeza kati ya miamba kama kabari katika gogo, ardhi ikatetemeka kwa majuma kadhaa, na mwezi wa Septemba Lengai ikaanza kulipuka kwa majivu. Majivu hayo yaliharibu malisho ya mifugo kandokando yake.

Huko mashariki ya Kongo, Nyiragongo ina lava nyepesi sana. Mwaka 1977 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilipasua ubavu wa mlima na kumwagika kwa kasi ambayo mtu kwa miguu asingeweza kuikimbia. Tarehe 17 Januari, 2002, lava ilipita katikati ya mji wa Goma, ikaacha zaidi ya watu 100,000 bila makao. Tarehe 22 Mei, 2021, mlima ulipasuka tena bila ishara zilizo wazi. Isitoshe, wakazi wa huko wanaogopa kitu wakiitacho mazuku. Hiyo ni hewa ya kaboni dioksaidi itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni na kumuua bila harufu wala moshi mtu au mnyama aingiaye humo.

Lakini volkano si adui tu. Udongo wa Kilimanjaro na Meru, unaozaa ndizi na kahawa, ni majivu na lava zilizooza. Huko Olkaria, Kenya, joto la chini ya ardhi linazalisha umeme tangu mwaka 1981. Hata maji ya mto Pangani, yanayozungusha mitambo ya Hale wilayani Korogwe tangu mwaka 1964, chanzo chake ni mvua zinyeshazo juu ya milima miwili ya volkano, Kilimanjaro na Meru.

Korogwe iko umbali wa kilometa zipatazo 260 kutoka Kibo, na karibu kilometa 390 kutoka Lengai. Lava haiwezi kufika huko. Iwapo mlima wa kaskazini utalipuka kwa nguvu sana, kitakachoweza kuzifikia wilaya hizi, upepo ukielekea huko, ni majivu membamba. Kwa hiyo hatari ya kufikiriwa kwanza Handeni na Korogwe si moto wa mlima, bali ni mtikisiko wa ardhi.

LINGEKUWAJE HAPA?

Hapana mwanasayansi awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko lijalo, na mtu atangazaye kwamba anaijua asisadikiwe. Linalowezekana ni kujua mapema ni mahali gani patadhurika zaidi. Kwa wilaya hizi, mambo manne yanastahili kuangaliwa.

La kwanza ni udongo. Mawimbi ya tetemeko yanapotoka katika mwamba mgumu na kuingia katika udongo laini, hupunguza mwendo lakini huongeza kimo, kama mawimbi ya bahari yanapofika ufukoni. Mnamo tarehe 19 Septemba, 1985, mji wa Mexico uliangamizwa na tetemeko ambalo kitovu chake kilikuwa mbali, kwa umbali unaozidi kilometa 300, kwa sababu sehemu ya mji imejengwa juu ya tope la ziwa la kale. Kwa kipimo kidogo, sheria hiyo hiyo ingefanya kazi Korogwe. Nyumba iliyo kwenye mchanga na tope la mito ya Pangani na Luengera ingetikiswa zaidi kuliko nyumba iliyo juu ya mwamba wa naisi huko Handeni, hata kama zote mbili zingekuwa mbali sawasawa na kitovu.

La pili ni miteremko. Chini ya kuta za Usambara wanaishi watu wengi, na udongo wa mlimani, ukishiba maji ya masika au vuli, hauhitaji kusukumwa sana. Mwezi wa Novemba 2009, katika milima jirani ya Upare, wilaya ya Same, mvua peke yake iliporomosha ardhi ikaua watu zaidi ya 20. Tetemeko likitokea wakati kama huo lingekuwa msukumo juu ya msukumo.

La tatu ni mashimo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Handeni huteremka katika mashimo yenye kuta za udongo uliochakaa. Mtikisiko usioangusha hata chungu mezani waweza kuporomosha ukuta wa shimo lisilo na magogo ya kulizuia.

La nne, na lililo kubwa kuliko yote, ni nyumba. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Nyumba ya asili ya Wazigua na Wasambaa, iliyosukwa kwa miti na fito na kukandikwa udongo, ikitikiswa huyumba. Udongo hupasuka na kudondoka, lakini miti hushikana. Hata ikianguka, uzito wake ni mdogo. Adui wake mkubwa ni mchwa. Lakini nyumba ya matofali mabichi, au ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope, isiyo na lenta wala nondo, huonekana imara siku zote za utulivu. Likija tetemeko, kila ukuta huyumba peke yake, pembe zikaachana, na mzigo wote ukawaangukia waliomo ndani. Kwa hiyo mtu aweza kuhama kutoka nyumba ya udongo kwenda nyumba ya matofali akidhani ameongeza usalama, kumbe ameongeza uzito tu.

KUJENGA KWA AKILI

Hayo hayana maana kwamba watu warudi kwenye fito. Maana yake ni kwamba tofali linahitaji kufungwa. Mafundi wa nchi nyingi zenye matetemeko wamekubaliana juu ya mambo machache yasiyo ya gharama kubwa. Msingi uchimbwe mpaka kwenye ardhi ngumu. Matofali ya kuchoma yaloweshwe maji kabla ya kujengwa, ili yasinyonye maji ya saruji na kuidhoofisha. Juu ya milango na madirisha upite mkanda wa zege wenye nondo, nao uzunguke nyumba nzima bila kukatika, kama mkanda wa suruali. Lenta fupi iliyowekwa juu ya mlango peke yake haitoshi. Milango na madirisha yasikaribie pembe za nyumba. Ukuta mrefu, kama ule wa darasa, uwekewe nguzo za kuukaza. Paa lifungwe barabara kwenye mkanda, lisikalishwe tu juu ya kuta.

Shule nazo zina wajibu wake. Wanafunzi wafundishwe kwamba ardhi ikitikisika, aliye ndani ajikinge kichwa chini ya dawati imara, ajitenge na madirisha na kabati. Aliye karibu na mlango wa jengo lisilo na ghorofa atoke upesi na kwenda uwanjani, mbali na kuta. Na aliye nje abaki nje. Baada ya tetemeko kubwa huja mengine madogo, kwa hiyo jengo lililopasuka lisiingiwe mpaka likaguliwe. Wajibu mwingine ni wa kumbukumbu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao makuu yake Dodoma, hurekodi matetemeko kwa vyombo. Lakini chombo hakiwezi kueleza kama vikombe vilicheza kabatini au ukuta ulipata ufa. Darasa linaloandika saa ya mtikisiko, muda wake na vitu vilivyoanguka, linakusanya habari za ukali, ambazo mtaalamu huzihitaji.

JARIBIO KWA DARASA

Chukueni mabeseni mawili. Katika la kwanza jazeni mchanga mkavu na kuushindilia kwa nguvu. Katika la pili jazeni mchanga uliolowa maji mpaka karibu na juu. Simamisheni tofali moja wima katikati ya kila beseni, kisha mwanafunzi mmoja aigonge meza kwa ngumi, kwa mwendo ule ule, muda wa nusu dakika. Angalieni ni tofali lipi linaloinama au kuzama kwanza, na mjadili ni lipi linalofanana na nyumba ya bondeni.

Kisha jengeni vijumba viwili vidogo juu ya ubao mmoja: kimoja cha vijiti vilivyofungwa kwa uzi, na kingine cha vipande vya udongo mkavu vilivyopangwa bila gundi. Tikiseni ubao. Halafu kijengeni tena kijumba cha udongo, mkizungushe uzi mahali pa lenta, mtikise mara ya pili. Andikeni yaliyotokea katika kila hatua. Nguvu ya mikono iliyotikisa ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kujenga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ulioigawa Afrika ya Mashariki hauzibiki kwa mkono wa mwanadamu. Utaendelea kupanuka milimeta kwa milimeta, kama ulivyofanya kabla Usambara haijapata jina. Ufa ulio katika uwezo wa watu wa Handeni na Korogwe ni ule wa ukuta wa nyumba na wa darasa, nao yafaa uzibwe sasa, wakati ardhi imetulia.